Binti huru wa South Shields

Jumamosi nilikuwa Arbeia, ngome ya Kirumi ya hapa South Shields, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mdomo wa mto Tyne. Nimesimama mbele ya jiwe la kaburi la Regina, nikamsikia baba mmoja akimwambia bintiye, "Hii ni hadithi ya mapenzi." Neno hilo limenikaa kooni hadi leo.

Jiwe lilipatikana mwaka 1878. Regina amekaa kwenye kiti cha kusukwa, vifaa vya kusokotea uzi viko pajani, ubavuni kikapu cha madonge ya sufu, upande wa pili kijisanduku cha mapambo. Maandishi ya Kilatini yanasema alikuwa Mkatuvelauni, yaani mtu wa kabila la kusini mwa kisiwa hikihiki cha Britania, na alifariki ana miaka 30. Aliyemwekea jiwe ni Barates, mtu wa Palmyra huko Syria. Anamwita mke wake, na mtumwa wake aliyemwacha huru.

Mtumwa! Msichana wa Britania, kauzwa Britania. Nani alimuuza? Bwana alipomtaka, angeweza kukataa? Sisi tuliorithi neno suria hatuna haki ya kuyapita maswali haya. Tunajua mwanamke aliweza kulala chumba cha bwana, akamzalia, akavishwa dhahabu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Chini kabisa upo mstari mmoja wa Kiaramu, lugha ya Barates mwenyewe. Kilatini cha juu kina makosa ya sarufi. Mstari huu umechongwa kwa mkono uliotulia. Baada ya jina la Regina, kwa kuwa irabu haziandikwi, unasomeka "bt hry". Nilipoelezwa maana nilisisimka mwili: bt ni ndugu wa binti yetu, hry ni ndugu wa huru yetu, tuliyoipata kwa Waarabu. Mstari mzima unasema: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole! Neno mke, ambalo Kilatini kinalo, hapa halimo. Alipolia kwa lugha ya mama yake, Barates alikumbuka kwamba alimmiliki.

Haya, alimpenda. Nakubali shingo upande. Mtu hagharimii jiwe kama lile kwa asiyemjali, na ile ole yake naiamini. Lakini mapenzi ya Barates ndiyo tuliyoandikiwa. Ya Regina hayajaandikwa popote.

Humo humo limo jiwe la Victor, Mmauri wa Afrika Kaskazini, mtumwa mwingine aliyeachwa huru, akafa na miaka 20 tu. Baba na binti walilipita. Ila kabla ya kuondoka mbele ya jiwe la Regina, yule mtoto aliuliza mbona huyu mama hana uso. Uso umevunjika, kweli. Baba akamwambia ni wa zamani sana, akamshika mkono wakaenda.