Kisukari na konea: kila mgonjwa apimwe?

Mwenye kisukari akifika kwa daktari wa macho, retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, ndiyo hutazamwa kwanza, na ni haki yake, maana kisukari hupofusha watu wengi kupitia huko. Konea, kile kioo cha mbele chenye unene wa nusu milimita hivi, hupitwa haraka. Sasa wapo wataalamu wanaotaka nayo ipimwe kwa kila mgonjwa. Hoja yao ina uzito, ila si yote.

Neva, yaani mishipa ya fahamu, zimesongamana kwenye konea kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Kazi yake si kuleta maumivu tu: ndizo zinazofanya jicho lipepese na machozi yatoke, na hutoa kemikali zinazolisha tabaka la nje, ambalo hujifanya upya kila siku 7 hadi 10. Sukari ikikaa juu kwa miaka, nyuzi za neva hupungua. Sukari hujibandika pia kwenye protini za utando unaoshikilia tabaka hilo, likabaki limeshikizwa kwa ulegevu. Mchubuko ambao kwa mwingine hupona baada ya siku 2 au 3 hubaki wazi kwa wiki, bakteria na fangasi wakapata pa kuingilia. Baya zaidi, huenda usiume kabisa. Mgonjwa analalamikia ukungu tu.

Wanaotaka kipimo hutegemea hadubini ya konfokali, mashine inayopiga picha za neva za konea bila kukata kitu, ambayo mtafiti Rayaz Malik na wenzake wa Manchester waliitumia kuonyesha mwaka 2003 kwamba neva za konea hupungua kadiri neva za mwili zinavyoharibika. Picha moja hufunika mikroni 400 kwa 400 (chini ya nusu milimita kila upande) na nyuzi huhesabika. Ubora wake ni kwamba inaziona nyuzi ndogo, zinazoumia mapema. Kipimo cha kawaida cha miguu, uzi wa nailoni unaobonyezwa kwenye nyayo kwa nguvu ya gramu 10, hugundua hasara ikiwa imeshakomaa. Kwa waliopandikizwa kongosho na figo, neva za konea zilionekana zikiota upya kabla vipimo vingine vya neva havijabadilika.

Kwa mtafiti wa dawa huo ni ushahidi wa thamani. Kwa kliniki ya wilaya, mashine ni ghali, inahitaji mtaalamu wa kuiendesha, na nyuzi chache hazisemi zimepotezwa na nini: herpesi ya jicho, ukoma na baadhi ya dawa za saratani nazo huziua. Tena majibu hayabadilishi tiba. Mgonjwa ataambiwa yale yale ya kudhibiti sukari na presha. Kuinunua kabla ya kamera ya retina ni kupanga vibaya.

Lakini pamba haina gharama. Sokota ncha ya pamba safi iwe uzi mwembamba, mgonjwa atazame mbele, uilete kutoka ubavuni asiione, kisha gusa katikati ya konea bila kugusa kope. Jicho lenye hisia nzuri hupepesa papo hapo. Kipimo hiki kifanyike kabla ya tone lolote la ganzi (husahaulika mno). Udhaifu wake ni kwamba hakioni upungufu mdogo, na macho yote mawili yakiwa yamefifia sawasawa, kulinganisha hakusaidii. Baada yake, weka tone la rangi ya fluoreseini na umulike taa ya buluu: palipochubuka hung'aa kijani.

Hapa majibu hubadilisha uamuzi. Kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, konea isiyohisi ni sababu ya kuogopa matone ya kupunguza uvimbe ya diklofenaki au ketorolaki, yanayoweza kuiyeyusha, na ya kuchagua machozi bandia yasiyo na kihifadhi cha benzalkoniamu. Ambaye nyayo zake zimeshakufa ganzi apimwe hata kama haendi kupasuliwa. Konea ikionekana haihisi, ajitazame kwenye kioo kila asubuhi. Akiona wekundu, doa jeupe au ukungu mpya, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi.