Keki ya Urusi Iliyomliza Mama wa Bwana Harusi

Tangu juzi usiku sauti ya shoga yangu wa Katubuka inazunguka kwenye magrupu yote ya Kigoma. Dakika nne nzima. Tatu anacheka, ya nne anasema eti "alimlisha mama wa watu kitunguu makusudi." Makusudi! Mwenzenu sijalala. Ngoja niseme mwenyewe, maana shoga alikuwepo ukumbini, sikatai, ila jambo lilipotokea yeye alikuwa kwenye foleni ya pilau. Hiyo foleni ikumbukeni, tutairudia.

Bwana harusi kasoma Urusi miaka sita. Akaja na picha kwenye simu: kanisa lenye rangi kama duka la aiskrimu, juu limejaa makuba ya mistari na ya madoa. Nikajitia mjuaji: "Ah, Kremlin!" Akanitazama kama mtu aliyeambiwa Ujiji iko Tabora. Kumbe Kremlin ni ngome ya jirani, na kanisa limesimama nje ya ukuta wake, pale Uwanja Mwekundu. Watu huliita la Mtakatifu Basili, ila jina lake rasmi ni refu, la Maombezi ya Mama wa Mungu, kando ya handaki.

"Unaweza?"

Mimi nimeoka keki ya Biblia, ya gitaa, hata ya meli ya Liemba, tena ya kwangu haikuzama. Nikasema naweza. Akaacha nusu ya hela mezani na mdomo ukafungwa hapo hapo.

Ili nisikosee, akaniunganisha na rafiki yake aliyebaki Moscow. Yule kaka (Mungu ambariki, ndiye pekee asiye na kosa kwenye kesi hii) akaingia kanisani na simu yake, mimi niko jikoni kwangu Mwanga nimekaa juu ya ndoo, tunatembea wote. Nilitegemea ukumbi mkubwa, mabenchi, kwaya upande mmoja. Wapi! Ndani ni vikanisa vidogo vidogo vimeunganishwa na vijia vyembamba vilivyochorwa maua ukutani. Unatoka kimoja unaingia kingine, mpaka nikamuuliza kama kapotea. Akacheka. Akaniambia lilijengwa kati ya mwaka 1555 na 1561, kwa amri ya mfalme Ivan, yule Mkali, kushangilia kuuteka mji wa Kazan. Mnara mmoja katikati wenye paa kama hema, minane imeuzunguka: minne mikubwa, minne midogo. Kikanisa cha kumi kiliongezwa mwaka 1588 juu ya kaburi la Basili mwenyewe, mtu aliyejifanya mwendawazimu kwa ajili ya Kristo na kutembea bila nguo kwenye baridi ya huko. Kuna na hadithi kwamba mfalme alimtoboa macho fundi ili asijenge jingine kama hilo, lakini wanahistoria hawaikubali, kwani jina la fundi huyo linaonekana tena kwenye ujenzi wa baadaye. Mimi nikabaki nayo kichwani hiyo ya macho. Fundi mwenzangu, bwana.

Halafu akasema sentensi iliyoniangamiza. "Haya makuba huitwa makuba ya kitunguu. Ila kanisa halikuanza nayo, yaliwekwa baadaye, mwishoni mwa karne ya 16."

Bando likakata.

Ijumaa nikaanza ujenzi. Mnara wa kati ukasimama, nikaupiga picha. Makuba manne makubwa nikayaokea kwenye vifuu vya nazi, yakatoka safi. Yale manne madogo ndiyo mtihani. Nafinyanga, nachomeka kwenye kijiti cha mshikaki, yanakaa kidogo, yanalala ubavu. Joto la Kigoma mnalijua, na umeme ulikatika saa tisa alasiri, friji ikawa kabati. Nikamtumia yule kaka sauti nalia kweli kweli. Akanifariji kwa historia, ndivyo alivyo: eti nisijali, hata Hagia Sophia kule Konstantinopoli, kanisa kuu la Waorthodoksi kwa karne nyingi, ilimalizika mwaka 537, na mwaka 558 kuba likaporomoka kwa sababu ya matetemeko, wakalijenga upya refu zaidi na kumaliza mwaka 562. Asante kaka. La kwao lilikaa miaka 21. La kwangu lilikaa dakika 21, na tetemeko lilikuwa bajaji inayopita nje.

Saa nne usiku naangalia kapu la viungo pale pembeni. Vitunguu maji. Vidogo, vya mviringo, vimechongoka juu kidogo, na chini tambarare. Jamani, mimi niliambiwa ni makuba ya nini?

Msinirukie. Zile keki za ghorofa tano mnazopigia picha harusini, ghorofa nyingine ni boksi limepakwa krimu, na mnajua. Mimi niliweka boksi linaloliwa. Nikamenya ganda la nje, nikapaka jamu, nikavisha fondanti, lile vazi la sukari la keki, taratibu, moja mistari ya kijani na njano, moja nyekundu yenye nukta. Vikasimama kama askari. Hata harufu hamna, vanila imemeza kila kitu. Nikampa shoga kazi moja tu duniani: mwambie MC wakate kuba kubwa la mbele, yale madogo ni pambo. Akaitika "sawa" huku anachat. Ningejua.

Ukumbini keki ikapokelewa kwa vigelegele, watu wanapanga mstari kupiga picha na Urusi. Nikajisikia fundi wa mfalme. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na spika, ili nisikie nikisifiwa.

MC: "Sasa keki kwa mama mzaa chema!"

Mama wa bwana harusi akaletwa mbele anacheza. Kafika asubuhi hiyo kutoka Kasulu, vitenge vipya, kilemba kimesimama kama ule mnara wa kati. Bibi harusi akachukua kisu. Kisu kikaenda kwenye kuba kubwa la mbele. Nikashusha pumzi. Kisu kikasimama hewani. Akakiweka chini. Kumbe alikwishapendezwa na kile kidogo cha kijani na njano, akakishika kwa vidole viwili na kukichomoa kwenye kijiti kizima kizima, kama anachuma tunda.

Nikapiga kelele "siyo hilo!" Nilisimama wapi? Karibu na spika. Wimbo wa mama ukanimeza.

Namwona bibi harusi anageuka. Namwona mama anainama kwa heshima, anafumba macho, anafungua mdomo wote, kwa sababu kitu kile ni kidogo na mama ana furaha. Namwona MC, huyu mtu simsamehi, anasogeza maiki mdomoni kwa mama ili atuambie ni tamu kiasi gani. DJ naye kwa adabu akapunguza muziki.

KACHA.

Ukumbi mzima, kwa spika nne.

Kimya. Kisha kacha ya pili, ndogo, ya mtu anayefikiri. Mama hakutema. Watu wazima wa zamani hawatemi kitu cha mkwe mbele ya watu mia tatu. Alitafuna. Alitafuna kitunguu kibichi chenye fondanti na jamu ya stroberi, macho yamefumbwa, na machozi yakaanza kushuka, moja kulia, moja kushoto, yanachora njia kwenye poda.

MC akapagawa: "Machozi ya mama! Machozi ya furaha! Mtunzeni mama!"

Wakaja. Wallahi wakaja, wanawake na noti mikononi, wanambandika hela kwenye paji la uso, wengine wanalia naye. Mama akameza. Akafungua macho, akaisogelea maiki mwenyewe, akauliza kwa upole wote wa Kasulu:

"Mwanangu, kachumbari ya huku mnatia sukari?"

Hayo mengine mepesi. Shoga alirudi na sahani yake ya pilau akakuta watu wako chini wanagaagaa. Bwana harusi alikataa kumalizia hela, tukaafikiana nusu ya nusu. Nilienda kwa mama na khanga doti moja, nikapiga magoti, akanipokea vizuri na kuniambia kifua kimefunguka. Yule kaka wa Moscow kaomba video, sijamjibu.

Leo asubuhi nimepita sokoni Mwanga nimejifunika mtandio hadi puani. Nimeomba vitunguu kilo moja, kwa sauti ya chini. Muuzaji akanyanyua macho, akanichungulia ndani ya mtandio.

"Dada wa Urusi, leo unapika au unajenga?"