Kiyoyozi cha nyumbani: gharama iko kwenye boksi au kwenye ukuta?

Anayetaka kufunga kiyoyozi nyumbani huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Akishaijua na kujipanga, anaona shughuli imekwisha. Kisha fundi anafika, anaizunguka nyumba, anatazama dari, anauliza boksi la umeme liko wapi, halafu anataja pesa ya ufundi. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mashine imeshanunuliwa, iko palepale sebuleni. Iweje kuitundika ukutani kugharimu hivyo?

Malalamiko hayo si ya bure. Mafundi wengi hutaja jumla moja tu, bila kuonyesha vifaa ni kiasi gani na kazi ni kiasi gani. Waite mafundi watatu kwenye ukuta uleule uone bei zitakavyopishana. Tena kuna mambo yanayotozwa ambayo mteja hakustahili kutozwa. Gesi ni mfano mzuri. Kiyoyozi kipya cha vipande viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, hutoka kiwandani kikiwa na gesi yake ndani ya kile cha nje, na kijitabu chake hueleza gesi hiyo inatosha bomba la kuunganisha vipande hivyo la mita ngapi. Ukivuka urefu huo ndipo inaongezwa, na kwa mashine ndogo mara nyingi ni gramu 20 hivi kwa kila mita iliyozidi. Basi ukiona "kujaza gesi" kwenye hesabu ya mashine mpya yenye bomba fupi, uliza ni ya nini. Mabomba nayo ni hivyohivyo: baadhi ya mashine huuzwa pamoja na mabomba yake, na mwenye mali asipofungua boksi akaangalia, anauziwa mengine.

Hata hivyo, sikubaliani na anayesema ufungaji ni kutundika tu. Chukua friji. Inafika nyumbani ikiwa imezibwa kila kiungo kiwandani, unachomeka, imeisha. Kiyoyozi cha vipande viwili kinafika kikiwa nusu mbili ambazo hazijaunganishwa. Mzunguko wa gesi unakamilishwa na fundi wako, juu ya ngazi, kwa mikono yake. Ukinunua mashine nzuri kuliko zote halafu ukambana fundi kwenye bei mpaka akaruka hatua, umeiharibu mashine kabla hujaiwasha.

Hatua inayorukwa zaidi ni ya kufyonza hewa iliyo ndani ya mabomba. Niliwahi kusimama chini nikitazama kazi mbili za aina hiyo, siku tofauti. Fundi wa kwanza alikaza nati za mabomba ya shaba, akafungua vali kidogo, akaiachia gesi isukume hewa itokee kwenye nati aliyoilegeza. Ikapiga mluzi sekunde chache, akakaza, akawasha. Ubaridi ukatoka, tukafurahi. Wa pili aliunganisha geji na pampu, akaiacha ingurume karibu nusu saa, akaizima, kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akiitazama ile geji. Nilidhani anapumzika. Alikuwa anasubiri kuona kama usomaji utapanda, maana ukipanda kuna mahali panavuja, au bado kuna unyevu ndani. Mafundi makini hutaka usomaji ushuke chini ya mikroni 500 (kipimo cha presha ndogo sana iliyobaki ndani) na utulie hapo.

Siku ya kwanza mashine hizo mbili hazina tofauti, na ndiyo sababu mteja haoni anacholipia. Tofauti huja baadaye. Hewa iliyobaki ndani hupandisha presha na kuifanya kompresa, yaani mota inayosukuma gesi, itumie umeme zaidi. Unyevu ukichanganyika na gesi na oili huzaa asidi, na asidi hula nyaya zilizo ndani ya kompresa. Ncha ya bomba ikipanuliwa vibaya kabla ya kukazwa nati, gesi hutoka polepole, na mwenye nyumba anaanza mazoea ya kuita fundi wa kujaza kila baada ya miezi kadhaa. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia tatizo lilelile upya. Zaidi ya hayo, gesi inayotoka haipotei bure: ile iitwayo R-410A hupasha dunia joto mara 2,088 ya uzito uleule wa hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na R-32, iliyoenea kwenye mashine mpya, mara 675. R-32 pia huweza kuwaka, japo si kwa urahisi, kwa hiyo kuiachia hovyo si jambo la kuzoea.

Umeme ndio sehemu nyingine ambayo nisingeipunguza. Mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) huvuta takriban kilowati 1, pungufu kidogo au zaidi. Hilo linaweza kuonekana dogo kwa kuwa hata pasi huvuta hivyo. Lakini pasi unaitumia dakika chache; kiyoyozi kinavuta usiku kucha. Kinahitaji waya wake kutoka kwenye boksi la umeme na breka yake peke yake. Katika nyumba ya zamani, au pale boksi lilipo upande wa pili wa nyumba, waya na kazi ya kuupitisha vinaweza kupandisha gharama kuliko kitu kingine chochote, na fundi hapaswi kulaumiwa kwa hilo.

Sasa kuna mahali ambapo pesa inaweza kuokolewa kihalali, na pa kwanza ni uchaguzi wa ukuta. Mashine ya ndani ikikaa kwenye ukuta uleule ambao mashine ya nje iko upande wake wa pili, bomba ni fupi, tundu ni moja, maji yanashuka yenyewe. Katika hali ya unyevu mwingi kiyoyozi cha kawaida kinaweza kutoa lita moja ya maji au zaidi kwa saa, na mpira wa kuyatoa lazima uteremke. Ukishindwa kuteremka unahitaji pampu, nayo ni gharama na kelele. Mashine ya nje ikipandishwa ghorofa ya tatu bila roshani, utalipia jukwaa na hatari anayobeba fundi, na kila huduma ya baadaye utailipia hivyohivyo. Ndiyo maana napendelea fundi aje aone nyumba kabla mashine haijanunuliwa.

Pa pili ni ukubwa, na hapa watu hupoteza pesa kwa hiari yao. Kuna imani kwamba BTU nyingi ni usalama. Kwa makisio ya haraka wengi huanzia BTU 600 hivi kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo chumba cha kulala cha mita za mraba 12 kinatoshwa na mashine ya 9,000. Unaongeza ikiwa dirisha linatazama jua la jioni, ikiwa dari iko moja kwa moja chini ya bati, au ikiwa watu hukaa wengi, kwa kuwa kila mtu mzima aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi. Lakini kuweka 18,000 kwenye chumba hicho ni kujidhuru. Inapoza haraka, inazima kabla haijakausha hewa, inawaka tena, na chumba kinabaki na baridi yenye unyevunyevu. Pesa ya ziada ingefaa kutandika kizuia joto juu ya dari au kulitilia kivuli lile dirisha.

Kuhusu inveta, maoni yangu hutegemea saa za matumizi. Kompresa ya inveta hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, na mashine nzuri ya BTU 12,000 inaweza kufanya kwa kilowati 0.8 kazi ambayo nyingine inaifanya kwa 1.1. Kwa saa nane kwa siku zikifanya kazi kwa nguvu zote, hizo ni uniti 2.4 ulizookoa, na kwa kawaida pengo huongezeka pale inveta inaposhusha kasi baada ya chumba kupoa. Zidisha kwa bei yako ya uniti na siku za joto za mwaka, kisha linganisha na pesa ya ziada unayotakiwa kutoa. Kwa chumba kinacholaliwa kila usiku, mara nyingi inveta hujilipa. Kwa sebule ya wageni inayowashwa mara mbili kwa mwezi, sioni haja.

Mgumu zaidi kumshauri ni mpangaji. Akihama, ufundi wote aliolipia unabaki ukutani. Kuhamisha mashine ni kurudisha gesi kwenye kile kipande cha nje, kufungua, na kulipia tena mabomba na kazi ya kufyonza hewa kwingine. Viyoyozi vya kusukuma kwa magurudumu havihitaji fundi, lakini vile vya mpira mmoja hutoa nje hewa ya chumbani na kuvuta ya moto kupitia kila upenyo, kwa hiyo vinakula umeme mwingi kwa ubaridi mdogo. Ningekuwa mimi, ningeketi na mwenye nyumba kabla sijamwita fundi. Waya, breka na tundu vinabaki kwake na vinaipandishia nyumba thamani. Mashine na mabano yake vinaondoka na mimi. Kila mmoja alipie kitakachobaki mkononi mwake, na yaandikwe kabla ukuta haujatobolewa.