Ubunifu Kazini: Nani Avute Kamba Kibarua Kisiote Nyasi?

Kwenye semina za uongozi hapa kwetu kuna hoja isiyokosekana: bosi akiwa msikivu na wafanyakazi wakipeana ujuzi, ubunifu utakuja. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila mtoa mada akishuka jukwaani na watu wakisaini posho, hakuna aliyegusa swali la mfanyakazi mwenyewe: nikishatoa ninachokijua, mimi nabaki na nini?

Kiwanda cha magari cha Fremont, California, kinasaidia kulijibu kwa sababu hoja hiyo ilijaribiwa pale kwa watu walewale. Kampuni ya General Motors (GM) ilikifunga mwaka 1982 baada ya miaka ya kuviziana kati ya mabosi na wafanyakazi. Utoro ulikuwa ukipita asilimia 20. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa walikuwa wale wa zamani, na chama chao kilikuwa kilekile, UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari Marekani. Viongozi wa vikundi walipelekwa Japani, kiwanda cha Takaoka, wakafanya kazi bega kwa bega na wenzao wa huko. Utoro ukashuka hadi asilimia 3 hivi. Mwaka 1991 wafanyakazi walitoa mapendekezo zaidi ya 10,000, na mengi yakatekelezwa.

Wanaosifu uongozi wa NUMMI hutaja kamba. Ilipita juu ya mstari wa kuunganishia magari, mkono unaifikia. Ukiona boliti haijakaa vizuri, unavuta. Muziki unalia, kiongozi wa kikundi anakuja mbio. Msipomaliza kurekebisha kabla gari halijavuka sehemu yenu, mstari mzima unasimama. Enzi za GM, kusimamisha mstari ilikuwa kujitafutia balaa: gari lenye kasoro lilisukumwa mbele hivyohivyo, likasubiri matengenezo uani.

Mimi naona tunaisifu kamba kupita kiasi. Mkataba wa mwaka 1985 kati ya NUMMI na UAW uliahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa kazini isipokuwa kampuni iko hatarini kweli, na hata ikifika huko, mishahara ya wakubwa ingekatwa kwanza. Kisha mauzo yalishuka kweli mwishoni mwa miaka ya 1980, kiwanda kikawa kinazalisha chini sana ya uwezo wake, na watu hawakupunguzwa. Waliingizwa kwenye mafunzo na kwenye shughuli za kuboresha kazi. Aliyeyaona hayo kwa macho yake ndiye anayeweza kusema, "Hapa kwangu tunapoteza sekunde tano," bila kuhofia kwamba sekunde hizo zitamwondoa yeye au jirani yake.

Wakosoaji, hasa ndani ya vyama vya wafanyakazi, waliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Mfanyakazi alishika saa mwenyewe, akapima kazi yake, akaandika njia iliyo bora, akawafundisha wenzake. Halafu sekunde alizookoa zikajazwa kazi nyingine. Ujuzi wake ulikuwa ngao yake dhidi ya kukimbizwa, naye ameukabidhi kwa hiari. Hoja hii siipuuzi. Lakini wengi walioonja mifumo yote miwili hawakutamani kurudi kule kwa zamani, na hilo nalo lina uzito.

Kuhusu kusambaza ujuzi, GM yenyewe ni ushahidi mchungu. Mameneja waliojifunza Fremont walitawanywa kwenye viwanda vingine, kila mmoja peke yake, chini ya wakubwa waliohesabu magari tu. Kwenye kiwanda cha GM cha Van Nuys, California hiyohiyo, mfumo wa vikundi ulikuja pamoja na tishio: ukubalini au tutafunga. Wafanyakazi wakagawanyika, na mwaka 1992 kiwanda kikafungwa. NUMMI nayo haikudumu. GM ilijitoa mwaka 2009 ilipofilisika, Toyota ikasitisha uzalishaji Aprili 2010, na watu wapatao 4,700 wakabaki bila kazi, pamoja na ujuzi wao wote.

Sasa mtazame fundi wa gereji anayemtuma mwanafunzi wake akalete spana kila anapofikia hatua ya mwisho ya kurekebisha injini. Tunamwita mchoyo. Au mhasibu ambaye ni yeye tu anayejua kufunga hesabu za mwezi, na akiugua ofisi nzima inampigia simu. Hawa wanalinda mtaji wao, na hotuba ya kushirikiana haiwalipi. Tanzania ina programu ya Kaizen, yaani mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, Wizara ya Viwanda ikishirikiana na JICA, shirika la misaada la Japani, na viwanda vinafundishwa kupanga vifaa, kupunguza upotevu na kuweka alama. Faida yake ipo. Ila mtu mwenye mkataba wa miezi mitatu akionyesha kwamba kazi ya watu wanne inaweza kufanywa na watatu, anajua fika ni nani atakayekuwa wa nne.

Ahadi ya aina ya NUMMI ina gharama, na karakana yenye wafanyakazi 12 na oda moja kubwa haiwezi kuitoa kwa miaka mingi. Kwa mwaka mmoja inawezekana, tena kwa maandishi: kazi ya mtu ikirahisishwa na wazo lake mwenyewe, atahamishiwa wapi na kwa mshahara gani. Karatasi hiyo itangulie, semina ifuate.