Usiniombe Nikuhoji, Niletee Jambo

"Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa salama." Nikiona sentensi hiyo najua mambo mawili palepale: aliyeileta hakuiwaza kwa Kiswahili, na huenda hata hakuiandika yeye. Mswahili huuliza habari za huko, za nyumbani, hata za mvua. Barua haimkuti mtu kama basi la Arusha linavyomkuta abiria pale Segera.

Naendesha safu ndogo ya vitabu, tena vitabu vya namna moja tu: vya majini na mizimu, vya roboti, vya safari za angani, vya miji ya mwaka 2100. Jina moja la Kiswahili la kuyabeba yote hayo sijalipata. Wapo wanaosema fantasia, wapo wanaosema sayansi ya kubuni, na mama yangu anasema hadithi za uongouongo. Mimi natumia la mama. Kila wiki hunijia maombi ya watu wanaotaka niwahoji, au wanaotaka kuniandikia makala wakiwa wageni wa safu. Mengi nayakataa, na kila nikikataa roho inaniuma, kwa sababu naona kabisa kwamba nyuma ya ombi bovu kuna kitabu kizuri.

Ombi lenyewe huwa hivi. Linaanza na "Kaka Mhariri". Mimi ni mwanamke, na picha yangu iko juu ya kila makala. Halafu: "Mimi ni mwandishi chipukizi, naomba unihoji kuhusu kitabu changu." Nukta. Chini yake kimeambatanishwa kitabu kizima cha PDF, picha ya pasipoti yenye mandhari ya bluu, na wasifu unaoanzia shule ya msingi. Uzinduzi ni Jumamosi. Barua imeingia Alhamisi jioni.

Nikuhoji nini sasa?

Simlaumu sana, maana najua alikojifunzia. Sote tulifundishwa barua moja tu ya kumwandikia mtu usiyemjua, nayo ni ya kuomba kazi. Anwani mbili, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha unajieleza umri na elimu, unaahidi bidii na nidhamu, unamaliza na wako mtiifu. Barua ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na kitu, anayemwendea mwenye nacho. Ndiyo maana mwandishi aliyekaa miaka mitatu na kitabu chake, akakesha na mhariri, akagombana na mchapishaji kuhusu jalada, siku ya kukitafutia wasomaji anarudi kuwa kijana wa kidato cha nne anayeomba kibarua. Anajinyenyekeza pale pasipotakiwa unyenyekevu, na lile la maana, yaani kitabu kinahangaika na nini, halisemi. Anadhani ni jeuri kulisema kabla hajaulizwa.

Mimi nasema liseme. Huombi kazi, umeleta bidhaa, na muuza samaki haanzi na wasifu wake, anafunua kapu.

Mahojiano ninayoyapenda huwa na jambo kabla ya kuwa na mtu. Mwandishi wa Kimarekani John Scalzi kwa miaka mingi amekuwa akiwapa waandishi wenzake nafasi katika ukurasa wake waeleze wazo kuu lililo ndani ya kitabu chao kipya. Hawaelezi maisha yao, wala walianza kuandika wakiwa na miaka mingapi. Wanaeleza wazo. Mfano mwingine uko karibu na kwetu: mwandishi Geoff Ryman alipoanza mwaka 2016 mfululizo wake wa mahojiano na waandishi 100 wa Afrika wa hadithi za namna hii, sehemu ya kwanza ilikuwa Nairobi, na alikwenda mwenyewe akakutana na watu. Ukiyasoma unaona kila mmoja ana shughuli yake na hafanani na wa pembeni yake. Linganisha na yale maswali kumi tunayotumiana kwa WhatsApp: ulianza lini kuandika, nani alikuvutia, changamoto gani unapitia, una ujumbe gani kwa vijana. Majibu yake ukiyabadilishia jina la mwandishi hakuna msomaji atakayegundua. Nimewahi kuyachapisha ya hivyo, tena si mara moja, kwa hiyo najua ninachokisema.

Kuna sentensi nyingine inayonifanya nifunge barua kabla sijafika mwisho: "Hiki ni kitabu cha kwanza cha aina yake kwa Kiswahili." Jamani! Shaaban Robert alituweka angani na Kusadikika mwaka 1951. Katama Mkangi alimrusha mtu wake na chombo hadi Walenisi mwaka 1995, na katikati hapo Kezilahabi alikwisha kuandika Nagona, ambayo mpaka leo watu wanabishana wamesoma nini. Anayesema yeye ndiye wa kwanza ananiambia kwamba hajasoma, na mwandishi asiyesoma tutazungumza naye nini kwa saa nzima? Angekuja akaniambia, "Nimesoma Kusadikika nikakasirika, kitabu changu ni ugomvi na kile," ningempigia simu siku hiyohiyo.

Sasa niwaeleze barua moja iliyonishika. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, niliihesabu baadaye. Aliyeiandika ni dada wa Pemba, anayeishi Dar es Salaam. Alianza na "Assalamu alaykum dada, habari za Tanga," kisha akaingia moja kwa moja. Alisema mwaka 1995, popobawa alipowasumbua watu Pemba na Unguja, yeye alikuwa na miaka saba. Watu waliacha vitanda vyao wakawa wanalala nje kwa makundi, na yeye alilazwa uani kwenye mkeka, katikati ya shangazi wawili. Kitu anachokikumbuka hasa ni furaha. Hajawahi kulala na watu wengi kiasi kile, kulikuwa na kahawa usiku wa manane, na watu wazima kwa mara ya kwanza walikuwa wanaogopa kama watoto. Hofu ilikuwa ya wakubwa. Ameandika riwaya ambamo mji mzima unahamia nje kwa kumwogopa kiumbe, na kiumbe anapoondoka watu wanakataa kurudi ndani. Akauliza: je, ningependa makala ya maneno 900 kuhusu jinsi alivyogundua, akiwa sura ya nne, kwamba hadithi yake ya kutisha haitishi? Kitabu kinatoka baada ya wiki saba. Akaambatanisha sura ya kwanza peke yake.

Tazameni alichofanya. Hakujisifu hata kidogo. Hakuniomba nimhoji, ingawa nilipomaliza kusoma nilikuwa tayari na maswali sita. Alinipa urefu, alinipa tarehe, na alinipa tatizo ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalimaliza. Tena hakunifafanulia popobawa ni nini. Alijua anamwandikia nani. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko mengine, kwa sababu wengi wanaoniletea makala za mgeni huandika kama wanawaelezea watalii: "Katika imani za watu wa pwani, jini ni kiumbe ambacho..." Msomaji wangu ana shangazi mwenye jini lenye jina na siku yake ya kufukizwa ubani. Yeye anataka kujua umemfanya nini jini huyo kwenye ukurasa.

Hapo ndipo naona tuna kazi tofauti na wenzetu wa Ulaya na Marekani. Kwao mwandishi akisema zimwi, msomaji anajua ni mchezo. Kwetu nusu ya wasomaji watauliza ulimwona wapi. Makala ya mgeni inayokaa hapohapo, kati ya anayeamini na anayebuni, naichapisha hata kama ina makosa ya nukta.

Mengine ni ya haraka. Usitume kitabu kizima, maana PDF ikishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp imekwenda, na si lazima mimi ndiye niliyeivujisha. Usinitumie hela ya soda, na ukiombwa hela na mtu ili akuhoji, hilo ni tangazo na liitwe tangazo. Nikikaa kimya wiki tatu nikumbushe, sikasiriki, mara nyingi nimesahau kweli.

Kuhusu mashine: Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda, kwa sababu lilifurikwa na hadithi zilizoandikwa na programu za kompyuta. Mimi sina mafuriko, nina manyunyu tu, lakini yananilowesha. Kinachonishangaza ni kwamba mtu anabuni nchi nzima na miungu yake, halafu zile sentensi tano za kunieleza ameifanyia nini anaiachia mashine.

Nisijifanye mjuzi. Miaka michache iliyopita nami niliomba nafasi kwenye jarida moja la nje, nikitaka kumhoji mwandishi fulani mkubwa. Niliandika aya nne za kujieleza. Jibu lilikuwa mistari miwili: asante, tulimhoji mwaka jana. Mahojiano yale yalikuwa palepale kwenye ukurasa wao, ningeyaona kama ningetafuta kwa dakika moja. Niliifunga kompyuta nikaenda kukaanga muhogo.

Yule dada wa Pemba aliniletea makala yake siku mbili kabla ya ahadi. Ilikuwa na maneno 1,140 badala ya 900, na sikukata hata moja. Mwishoni alikuwa ameongeza jambo ambalo barua haikuwa nalo: kwamba mmoja wa wale shangazi, sasa mzee, aliposomewa riwaya alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini mkeka wao haukutajwa rangi. Ulikuwa mwekundu na kijani. Toleo la pili limetaja.