Huku pikipiki ndiyo abiria

Jumamosi nimelipa yuro kumi ili gari langu lipimwe uzito. Si lori, jamani. Ni gari la kulala, lile la kuendea likizo, lina kitanda, jiko la gesi na tanki la maji, na nyuma nimefunga chuma cha kubebea pikipiki. Mizani ya wauza kokoto, hapa karibu na Stuttgart, ikasoma kilo 3,540. Mwisho wangu ni 3,500, kwa gari na kwa leseni. Jirani yangu, mzee mstaafu aliyenisindikiza, akaguna, akainama kutazama tairi za nyuma, akasema: "Mwaga maji."

Nikacheka mpaka akaniuliza kulikoni. Nimweleze nini? Kwamba nimepiga boda Igoma, kule Mwanza, miaka miwili na sikuwahi kusikia mtu akiuliza pikipiki ina kilo ngapi? Kwetu pikipiki ndiyo inayobeba. Magunia ya dagaa kutoka Mwaloni, mabati, mbuzi wa kupakatwa, mshikaki wa wanafunzi na mabegi yao. Mzigo ukizidi utaambiwa na mlima wa Bugando, si na mizani.

Na hapo ndipo mzee aliponishangaza. Akachukua kalamu akanichorea. Pikipiki yangu na kile chuma ni kilo 230, lakini vinaning'inia mita mbili nyuma ya ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika tairi, na kati ya ekseli mbili kuna mita nne. Kwa hiyo ekseli ya nyuma haiongezewi 230, inaongezewa 345, na zile 115 za ziada zinatoka mbele. Gari langu linavutwa na tairi za mbele. Kwenye nyasi zenye umande, tairi hizo zitazunguka bure.

Sasa hilo mbona nalijua! Funga gunia mbili za mkaa kwenye keria, lisukume lile la pili nyuma kidogo, halafu panda mlima. Usukani unakuwa mwepesi kama karatasi, tairi la mbele linatafuta mbingu. Ndiyo maana tulikuwa tunamlaza abiria juu ya tangi, samahani, tunamwambia asogee mbele. Hesabu tulikuwa nayo mwilini, kalamu tu ndiyo hatukuwa nayo.

Najua mtakachosema. "Huyo keshakuwa Mzungu, anatupimia mizigo kwa yuro." Kaka, mimi kovu la bomba la moshi ninalo mguuni, tena la Boxer ya mtu, pikipiki ya kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Sisemi wapime. Dereva wa boda akikataa gunia la pili, atapewa mwenzake, na tajiri wake anangoja hesabu ile ile. Ninachosema ni kwamba kifaa kile kile kinachonitoa jasho nikikibeba kwenda likizo ndicho kilichonilipia ada. Hilo halinipi raha sana, ila wala siombi radhi.

Basi nikaachana na chuma cha nyuma. Kuna magari yenye chumba cha pikipiki ndani, lakini mke wangu alisema hawezi kulala na harufu ya petroli, na mimi niliyelala chumba kimoja na pikipiki ya mjomba, Sanlg, sikuwa na hoja. Nimechukua tela. Likiwa halizidi kilo 750 leseni yangu inaliruhusu, uzito unakaa kwenye magurudumu yake lenyewe, na ndoano inabeba kama kilo 50 tu. Maji yangu yamebaki. Adhabu yake ni kwamba barabara kuu natambaa kwa kilomita 80 kwa saa, kurudi nyuma nalo ni mtihani, na kwenye kivuko cha kwenda Uswidi wanatoza kwa urefu. Wanapima kwa mita! Kwetu, kwenye kivuko cha Kigongo, tulikuwa tunachomeka pikipiki kati ya lori mbili, usukani ukiwa umekunjwa, na mwenye lori anakuachia upenyo huku anatukana.

Siku hizi hata huko hakuna kungoja kivuko. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 mdogo wangu anavuka kwenda Sengerema bila kushuka kwenye pikipiki. Nilimtumia picha ya tela langu, pikipiki imesimama juu yake na mikanda minne ya kukaza, mpya kabisa. Akajibu kwa picha yake akiwa darajani: kitanda cha futi nne kwa sita, godoro juu yake, vyote vimefungwa kwa mipira ya tyubu, na mwenye godoro amekaa katikati ameshika ndoo.

Chini ameandika: "Braza, na hii mwambie mzee akupigie hesabu."