Unakaa Mabatini, Mlima wa Nini Tena?

Jamani, mtu anayekaa Mabatini, hapa Mwanza kwenye milima ya mawe, kule juu kabisa ambako bodaboda akifika chini ya mawe anazima pikipiki na kukwambia "mwisho hapa, mzee", anakwenda kutafuta nini mlimani? Swali hilo nimeliuliza nyumbani kwangu kwa sauti ya upole kabisa. Jibu nililopewa ni kwamba mimi ni bahili.

Kisa ni simu ya mama watoto. Kaona picha za vibanda vya Mandara, Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu. Vijumba vya mbao, paa limechongoka mpaka karibu liguse nyasi, msitu pembeni, na Wazungu wamekaa nje na vikombe vyao wanacheka. Sijui wanacheka nini, maana kule ni mita kama 2,700 na usiku baridi inauma. "Baba, tukalale pale usiku mmoja tu," ananiambia. "Kwani nani kasema tufike kileleni?"

Usiku mmoja tu! Kutoka Mwanza unapanda basi la alfajiri: Shinyanga hiyo, Nzega hiyo, Singida, Babati, Arusha, Moshi, na Marangu bado iko mbele. Ukishuka, magoti hayakunjuki. Halafu getini unalipa kiingilio, unalipa kulala, unachukua mwongoza wageni kwa lazima, unatembea kilomita kama 8 za kupandisha. Yote hayo ili ukalale kwenye kijumba kilichokaa mlimani. Na mimi natoka wapi? Kwenye kijumba kilichokaa mlimani! Tofauti ni kwamba changu kina kodi ya mwezi na mwenye nyumba ana kelele.

Tena wenzetu kule wana utaratibu. Mpagazi wa Kilimanjaro mzigo wake unapimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20. Mabatini mizani iko wapi? Juzi nimepandisha mtungi mkubwa wa gesi begani, na mkono wa pili nimeshika mfuko wa unga, napishana na mama mmoja anashuka na beseni la sato kichwani bila hata kulishika, ananiambia "pole baba" kwa namna ya kunisikitikia. Sikupewa cheti. Wapanda mlima wakirudi kutoka kileleni wanapewa cheti.

Nikajaribu diplomasia. Nikasema twendeni Saanane, kisiwa cha hapa hapa ziwani. Hifadhi ya taifa kamili tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, mashua unapandia hapo Capri Point, hujamaliza hata soda umefika. Kuna mawe, kuna pimbi, kuna swala, kuna upepo wa ziwa. Mama watoto akaniangalia. "Mtu unaenda likizo, ukiinua macho unaiona kamba yako ya nguo?" Watoto wakacheka upande wake. Saanane ikafa hapo hapo.

Basi, Jumamosi nikapelekwa soko la Mlango Mmoja kununua makoti ya baridi. Ninyi mnajua jua la Mwanza la saa saba mchana. Nimesimama katikati ya mitumba nimevalishwa koti la manyoya mpaka masikioni, zipu imekwama shingoni, jasho linaingia machoni, na muuzaji ananizunguka ananipigapiga mgongoni: "Hili la barafu, bosi. Umesikia joto?" Nimesikia! Ningekuwa sijasikia ningeitwa marehemu. Mama watoto kasimama pembeni anasema limenipendeza, nigeuke kidogo apige picha.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonishinda ni mpango wa kulala. Maana ilipotajwa safari, mama mkwe naye akasema anakuja, kwa kuwa katika maisha yake hajawahi kuliona Kilimanjaro. Sawa, karibu mama. Kumbe vile vibanda, mkiingia, vitanda ni vya deka na chumba ni kimoja. Wazungu wanalala humo hata na mtu wamejuana njiani. Sasa mimi Msukuma, mtu ambaye mama mkwe akipita sebuleni nasimama na kutafuta kitu cha kuangalia ukutani, nilale deka ya juu yeye yuko chini? Usiku nishuke kwenda chooni nimevaa ile bukta? Nilimweleza mama watoto, akasema "utashuka umevaa koti". Koti la manyoya, jamani, hilo ndilo litanitunzia heshima.

Mama mkwe mwenyewe hana wasiwasi. Yeye anauliza mafiga. Nikamwambia, "Mama, kule ni hifadhi, kuni haziokotwi, moto hauwashwi ovyo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa baba, baridi yote hiyo, na miti yote hiyo, na moto hakuna?" Hapo kwa mara ya kwanza nikaona nina mwenzangu katika ukoo ule.

Sasa njoo kwenye tarehe. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliahidi kuchangia nusu ya nauli, ni mvuvi wa dagaa. Na dagaa, kama mnavyojua, huvuliwa gizani: taa zinawashwa ziwani, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo shemeji anapata nafasi ya kusafiri wakati wa mbalamwezi. Mama watoto akafurahi sana, maana naye anataka mbalamwezi ili mlima uonekane vizuri kwenye picha. Lakini mbalamwezi ndiyo wakati shemeji hana hata mia, ananikopa mimi. Giza likiingia anashika pesa, ila huwezi kumtoa ziwani hata kwa winchi.

Safari ikawekwa mbalamwezi, ikasogezwa gizani, ikarudishwa mbalamwezi. Katikati ya hapo shemeji ametuma mchango wake: sadolini ya dagaa wabichi, aliyoiteremsha kwa bodaboda pale chini ya mawe. Nani kaipandisha juu? Mpagazi asiye na cheti. Sasa dagaa wameanikwa juu ya jiwe letu, paka wa mtaa mzima wamepiga kambi, na mimi nimepewa kiti na fimbo niwalinde, kwa kuwa eti hao dagaa ndiyo nauli ya mama mkwe.

Jana mama mkwe amepiga simu. Nikajua anaulizia tarehe. Hapana, anataka kujua kama koti lake lina mfuko wa ndani wa kuwekea ugoro.